Maua ya asubuhi moja

Butembo ni mji wa baridi. Iko kwenye mita zaidi ya 1,700, na saa kumi na mbili ya asubuhi watu wanatembea na koti. Mtu akikuambia kwamba katika mtaa mmoja wa huko, nyuma ya nyumba ya matofali, kuna vanila yenye kutoa maua, utasema anakuchekesha. Kila mmoja wetu anajua vanila ni ya joto: ya Beni kushuka, ya Mangina, ya Mambasa. Sisi pia tulisema hivyo. Kisha tukaenda kuona.

Mwenye vanila ni mama mmoja, mwanamemba wa koperative. Hatuandike jina lake wala mtaa wake, ju alituomba hivyo, na mutaelewa sababu mukisoma mpaka chini. Alikuwa na shamba la kakao na vanila upande wa Mangina mpaka vita ilipomtosha huko. Siku ya kukimbia alikuwa na vipande vinne vya vanila, vilikatwa tayari kwa ajili ya jirani aliyetaka kupanda. Alivikunja ndani ya mfuko wa saruji, akaenda navyo.

"Watu walinicheka njiani," anasema. "Walisema, huyu mama fasi ya kubeba sufuria anabeba majani. Niliwajibu: sufuria itanunuliwa, lakini hii nitaipata wapi?"

Butembo, vipande vitatu vilioza kwa baridi na maji ya mvua. Cha nne alikiweka karibu na ukuta wa jiko, kwenye joto la moto, na hicho kikashika. Lakini jiko lina moshi, na mbuzi wa jirani walikuwa wanaingia. Njo mtoto wake wa kiume, mwanafunzi wa sekondari, alimjengea nyumba ndogo ya plastiki, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa sere.

Mimea mingine ilikuja yenyewe, kama wageni. Butembo inapika kwa makala na kuni, na kuni hizo zinatoka mbali. Siku moja mama alinunua kipande cha gogo sokoni, akakuta juu yake kuna majani manene yenye kushikamana na ganda la mti, na mizizi meupe kama minyoo. Wengi wetu tunazitupa motoni bila kuangalia. Yeye aliona ile mizizi ni sawa na mizizi ya vanila yake. Akaitoa na kipande cha ganda, akaitundika ndani ya sere. Baada ya miezi sita ikatoa ua jeupe kama nyota, na usiku nyumba yote ikanukia.

Hakukosea. Vanila ni okidi. Na kile kilichotoka kwenye gogo ni okidi pia, ya aina inayoitwa Aerangis. Okidi ni moja ya familia kubwa kabisa za mimea duniani, na misitu yetu ina nyingi sana, lakini katika familia hiyo yote vanila ndiyo karibu peke yake inayoleta chakula sokoni. Huyu mama alijifunza ndugu wa vanila wanavyoishi, na hiyo njo ilimfundisha kutunza vanila yenyewe. Sisi tuliosoma tulianza na kitabu. Yeye alianza na kuni.

Leo ana mimea zaidi ya thelathini, na hakuna hata moja aliyoing'oa kwenye mti uliosimama. Zote zimetoka kwenye kuni, kwenye mbao za wapasuaji, au kwenye miti iliyolimwa kwa ajili ya mashamba. Kuna Ansellia, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Mizizi yake mingine inasimama juu kama miiba, inatengeneza kikapu cha kukamata majani makavu, na majani yakioza yanakuwa mbolea yake. Kuna Polystachya, ambayo ua lake linaonekana limegeuzwa juu chini, mdomo ukiwa juu. Na kuna ile ambayo watoto wa mtaa wanakuja kuiangalia, Bulbophyllum falcatum: kikonyo chake ni bapa kama kisu, na maua madogo sana yamepangwa katikati, upande huu na upande huu, kama vifungo vya shati. "Hii iko ua ama iko mdudu?" mtoto mmoja aliuliza tukiwa pale. Swali zuri. Okidi nyingi za ukoo huo zinadanganya nzi ili wazibebee chavua.

Tuseme sasa juu ya sere yenyewe, ju wengi wametuuliza. Ni mita tatu kwa nne. Nguzo ni za karitusi, mbele juu mita mbili na nusu, nyuma chini kidogo ili maji ya mvua yashuke kwenye pipa. Paa na kuta ni plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Bashi ya bluu haifai, inanyima mimea mwanga. Juu ya plastiki kuna majani ya migomba yaliyofumwa, nusu kivuli nusu jua, sawa na vile tunavyofanya kwenye kitalu cha kahawa. Ndani, chini, amemwaga mawe na vipande vya matofali. Anavimwagia maji saa sita ya mchana wakati wa jua ili hewa iwe na unyevu. Katikati kuna pipa lililopakwa rangi nyeusi, limejaa maji. Mchana maji yanashika joto, usiku yanalirudisha polepole. Tulipima na kipima joto saa kumi na moja ya asubuhi: ndani ilikuwa digri nne zaidi ya inje. Digri nne si nyingi, lakini kwa vanila ndiyo tofauti kati ya kukua na kuoza.

Hapa lazima tuseme kosa, na kosa lilikuwa letu. Safari yetu ya kwanza tulikuta kuna nafasi wazi chini ya paa, pande mbili, upana wa mkono. Tukamwambia mama azifunge, joto linapotea. Alifunga. Wiki tatu baadaye alitupigia telefone: majani yanapata madoa meusi yenye maji, yananuka. Alipoteza mimea kumi na moja. Hewa ilisimama, unyevu ukalala juu ya majani usiku wote, ugonjwa ukafanya kazi yake. Okidi hizi katika msitu zinakaa juu ya matawi, fasi upepo unapita kila saa. Joto zinapenda, lakini hewa zinaipenda zaidi. Alifungua tena zile nafasi, akatoa majani yote yaliyougua na kuyachoma, na ugonjwa ukasimama. Hakutulaumu. Alisema tu, "Agronomu, hata wewe unajifunza," na tukanywa chai.

Kitu cha pili ni maji. Mizizi ya okidi za juu ya miti imevaa ngozi kama sifongo. Ikiwa kavu inaonekana nyeupe kama fedha. Ikishiba maji inageuka kijani. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhesabu siku. Angalia mizizi. Nyeupe, mwagia. Kijani, acha. Mama anamwagia asubuhi tu, kwa maji ya mvua, ili jioni majani yawe makavu. Kila wiki mbili anatia maji ya mboji, lakini mepesi sana, rangi ya chai iliyotiwa maji mara mbili; okidi ni maskini wa asili, ukizilisha kama mahindi zinaungua mizizi.

Nyingi hazina udongo kabisa. Anazifunga kwenye vipande vya mti wa kahawa wa zamani, ju ganda lake ni gumu na halina kemikali, kwa kamba ya mugomba. Kamba ya mugomba inaoza yenyewe baada ya miezi michache, na wakati huo mizizi imeshika tayari. Zinazotaka chombo anaziweka ndani ya bidon iliyokatwa na kutobolewa pande zote, pamoja na vipande vya makala na matofali. Udongo wa bustani ukiuweka mle, umeziua. Adui wakubwa ni konokono, anawatafuta usiku na tochi, na wadudu wadogo wenye ngao ya kahawia wanaojificha chini ya majani. Hao anawaondoa na mswaki wa zamani na maji ya sabuni.

Vanila yenyewe ni tofauti kidogo, ju yenyewe inapenda mguu wake uwe kwenye majani yaliyooza, na mwili wake upande juu. Aliipanda katika kona, kwenye mboji ya majani iliyoinuliwa juu ya mawe ili maji yasisimame. Jembe haligusi hapo, mizizi inakaa juu juu, ukiikata umefungulia mlango Fusarium, ule ugonjwa wa kuoza mizizi ambao wengi wenu munaujua kwa machungu. Kila kamba ikifika juu anaikunja na kuishusha chini, halafu inapanda tena. Kukunja huko kunaisaidia kutoa maua. Mwaka wa tatu, akaipunguzia maji kwa wiki sita, akakata ncha za kamba urefu wa kiganja. Vichala vitatu vikatokea.

Ndipo kazi ya foto ikaanza.

Ua la vanila linafunguka alfajiri, na kufika saa nane ya mchana limekufa. Halirudi. Nchini Meksiko, kwao, kuna nyuki wanaosaidia. Kwetu hakuna, kwa hiyo usipolitia chavua kwa mkono asubuhi hiyo, linaanguka bila ganda. Mtoto wa mama alikuwa na telefone ya kioo kilichopasuka. Alianza kupiga foto kila ua lililofunguka ili wajue tu lini lilifunguka. Hakujua anatengeneza kitu ambacho koperative nzima ilikuwa inakosa.

Munaijua shida yenyewe. Ganda la vanila linahitaji miezi minane hadi tisa tangu siku ya chavua ili likomae. Katika mwezi wa tano au wa sita tayari limefikia urefu wake wote, linaonekana kubwa, na mwizi haulizi kama limekomaa. Mkulima akiogopa mwizi anavuna mapema. Ganda changa halina harufu, likikaushwa linakuwa jembamba na gumu, mnunuzi analikataa ama anatoa bei ya majani. Halafu jina la vanila ya Kongo linaharibika kwa sisi wote. Wajirani wetu wa Uganda wamefikia mpaka serikali kutangaza tarehe ya kuanza mavuno, kwa sababu hiyo hiyo. Na tangu bei zianguke, hakuna mnunuzi anayevumilia ganda baya: mwaka 2018 kilo moja ya vanila kavu ya Madagaska ilipita dola 500, mwaka 2020 serikali ya kule iliweka bei ya chini ya dola 250, mwaka 2023 wakaiondoa, na bei ikashuka zaidi. Leo ubora ndiyo silaha iliyobaki kwa mkulima mdogo, na ubora unaanza na tarehe.

Kijana alikuwa anafanya hivi. Kila kichala kina kibao cha mbao chenye namba. Ua likifunguka, anaandika tarehe kwa chaki kwenye kipande cha ubao mweusi, anakiweka nyuma ya ua, anapiga foto. Mama anatia chavua, wanapiga foto ya pili. Baada ya siku tatu, foto ya tatu: kama ua limenyauka lakini linabaki limeshikamana, chavua imeshika, kama limeanguka, haikushika. Vyote vinaandikwa ndani ya daftari, na foto zinabaki kwenye telefone na kwenye telefone ya shangazi, ju telefone zinaibiwa.

Kutia chavua wengi wenu munajua, lakini tuliona bado watu wanapasua maua. Shika ua kwa mkono wa kushoto, pasua mdomo wake kidogo kwa kijiti kilichochongwa, mwiba wa mchungwa unafaa. Ndani utaona kingozi kidogo kama kifuniko, kinatenganisha unga wa kiume na sehemu ya kike. Kinyanyue kwa kijiti, halafu kwa kidole gumba sukuma unga ugusane na sehemu ya kike. Basi. Mtu aliyezoea anafanya maua mia kadhaa kwa asubuhi moja. Usitie yote: kwa kichala kimoja maua manane hadi kumi, na yawe ya upande mmoja, ili maganda yashuke sawa. Mama alitia sita sita tu, ju ni mti mchanga. Kumi na saba yalishika.

Njia hiyo ya kijiti haikutoka kwa profesa. Ni kweli kwamba mwaka 1836 Charles Morren, profesa wa Liège kule Ubelgiji, alipata maganda ya vanila ndani ya nyumba ya vioo kwa kutia chavua mwenyewe. Ndani ya sere, kama ya mama, ila ya matajiri. Lakini njia rahisi, ile tunayotumia mpaka leo, iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka kumi na mbili, ambaye hakusoma shule. Kisiwa kikatajirika. Yeye alipata uhuru mwaka 1848 pamoja na watumwa wengine wote, akafa maskini mwaka 1880. Tulimsimulia kijana habari hii. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na hawakumulipa?" Hapana, hawakumlipa.

Tukamuomba atufundishe foto zake, maana zilikuwa nzuri kuliko zetu. Anapiga kati ya saa moja na saa tatu ya asubuhi, wakati mwanga unapitia plastiki taratibu. Flashi hapana, inafanya ua jeupe liwe kama karatasi. Anafuta kioo cha telefone kwa kitambaa safi, jambo ambalo sisi tunalisahau kila siku. Telefone anaiegemeza juu ya tofali, anaweka ule muda wa kusubiri sekunde tatu, ili mkono usitetemeshe. Kwenye skrini anagusa katikati ya ua, kwenye mdomo, halafu anashusha kile kialama cha jua mpaka mistari ya petali ionekane. Nyuma ya ua ni kitambaa cheusi. Pembeni anaweka sanduku la kiberiti, ili mtu ajue ukubwa.

Kwa okidi za msitu, foto moja haitoshi. Anapiga ua mbele, ua pembeni, jani, mizizi, na mmea wote. Ile ya pembeni njo watu wanaiacha, na ndiyo inayosema jina. Okidi nyingi nyeupe za usiku zina mrija mrefu nyuma ya ua, ndani yake kuna asali, na urefu wa mrija unaonyesha nondo gani anakuja kunywa. Darwin aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1862, alipoona okidi ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita thelathini; alisema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu walimdhihaki. Nondo wa kule akapewa jina mwaka 1903, Darwin ameshakufa. Ukipiga ua mbele tu, mrija hauonekani, na mtaalamu uliyemtumia foto hatakuambia kitu.

Tulitaka makala iishie hapo, kwa furaha. Lakini kuna habari ingine.

Kijana aliweka foto za Ansellia na za Aerangis kwenye WhatsApp. Zilizunguka. Siku moja mwanaume mmoja alifika, hakuwa mtu wa Butembo, alikuwa na foto hizo kwenye telefone yake. Alimwambia mama kwamba atanunua kila mmea dola tano, lakini hataki thelathini, anataka magunia. Alijua vijana wanaopasua mbao. Wangepanda miti, wangekwangua matawi. Mama angekuwa wa kuchagua na kufunga.

Tusidanganyane. Dola tano mara mia mbili ni ada ya shule ya watoto wake wote. Mama ni mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, shamba lake liko fasi asipoweza kukanyaga. Alitupigia telefone usiku ule ule, akauliza, "Mwanangu, munasema je?"

Tulimwambia tunachokijua. Okidi zote za dunia ziko chini ya mapatano ya CITES, na Kongo yetu iko ndani ya mapatano hayo tangu mwaka 1976. Mmea wa okidi uliotolewa msituni hauvuki mpaka bila kibali, na yule mtu hakutaja kibali hata mara moja. Akikamatwa na magunia kwenye barrière, atasema ameyapata kwa nani? Na msitu mwingine wa upande ule uko ndani ya Parc ya Virunga, fasi ambapo kung'oa hata jani ni kosa. Hiyo ni sheria. Lakini mama alikuwa na hesabu yake pia, na ilikuwa kali kuliko yetu. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake. Bila kuvu fulani ya kuisaidia haioti. Ile Ansellia yake ya ukubwa wa kikapu imekaa miaka mingi kufikia hapo. "Wakikwangua mti mmoja," alisema, "mjukuu wangu ataona nini?"

Wasomaji wetu wa upande wa Katanga watatuelewa haraka, ju wanaijua chikanda, ile ya kupikwa na karanga. Chikanda inatoka kwenye viazi vya okidi za ardhini, vinachimbwa porini, na kiazi kikichimbwa mmea umekufa. Kila mwaka wachimbaji wanatembea mbali zaidi. Tanzania, kwenye nyanda za Kitulo, ambako okidi hizo zilichimbwa sana kwa biashara hiyo, walifikia kuweka hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Mama alimjibu yule mtu hapana. Hakurudi, lakini kwa wiki mbili mama hakulala vizuri, na kijana alizima ile alama ya kuonyesha fasi foto imepigwa. Nanyi muizime, kwenye mipangilio ya kamera, mahali pameandikwa "localisation". Foto ya okidi ya msituni isiseme mti uko wapi. Foto ya vanila yako isimwambie mwizi njia.

Hapana peke yake hailipi ada. Tulikaa na komite ya koperative, tukafanya mambo mawili. La kwanza: vanila ya mama, ju imekua mbali na mashamba yenye ugonjwa, ni mama mzazi safi wa vipande. Koperative imekubali kununua vipande vyake, kila kimoja urefu wa mita moja na zaidi, vikaushwe kivulini wiki moja kabla ya kupandwa. Msimu huu alitoa ishirini na viwili. Vimekwenda kwa wanamemba wa upande wa joto ambao mashamba yao yanafikika. Si dola elfu moja. Ni ada ya watoto wawili kati ya wanne, na wa tatu nusu.

La pili: kijana analipwa kidogo kufundisha vikundi daftari la foto. Tumeongeza kitu kimoja kutoka Madagaska: kule wakulima wanachoma ganda bichi kwa sindano, alama ama herufi za jina, na kovu linabaki mpaka ganda linapokauka. Kovu pamoja na foto yenye tarehe ni ushahidi. Mwezi uliopita kwenye depo moja mtu alileta kilo tatu za maganda mabichi, karani akaona vitundu vitatu vya mshazari, akafungua telefone, akakuta foto ya kichala hicho kwa mwanamemba mwingine, na tarehe ya chavua miezi sita tu iliyopita. Maganda yalikamatwa. Yalikuwa machanga, hayakufaa kitu tena, kwa hiyo mwenyewe alipoteza. Lakini aliyeleta alijulikana, na chef wa kijiji aliita pande mbili.

Vikundi vitakavyotaka mafunzo ya daftari la foto viandikishe jina kwa karani wa depo yao kabla ya maua ya msimu ujao. Telefone moja kwa kikundi inatosha. Mlete na kijiti chenu.

Maganda kumi na saba ya mama yamefika mwezi wa saba wakati tunaandika haya. Hayajafungwa na kufuli, sere haina hata mlango wa kweli, ni pazia la plastiki tu. Tulimuuliza kama haogopi. Alisema mbwa analala pale. Halafu akatuonyesha kona ya nyuma, kamba nene ya vanila ambayo hatukuwa tumeiona, majani mapana kuliko kiganja, ilitoka kwenye gogo la mwaka jana. Tunafikiri ni vanila ya msituni, Vanilla imperialis, ambayo haina soko, lakini ua lake ni kubwa, la rangi ya maziwa, na mdomo wa waridi. Ina kichala kimoja, bado kimefunga. Kijana amekwisha kuweka ubao mweusi pembeni, tarehe haijaandikwa.